Rolf Sievert: Aliyewafunza matabibu kupima mionzi

MKAZI wa Malinya, Kaunti ya Kakamega, anapotibiwa saratani kwa mionzi, uhai wake hutegemea kipimo. Mionzi ikipungua, uvimbe husalia. Ikizidi, huunguza viungo vizima. Aliyejitolea maisha yake kuondoa ubahatishaji huo ni mwanafizikia wa Uswidi, Rolf Sievert.

Alizaliwa jijini Stockholm mnamo Mei 6, 1896. Babake, mzaliwa wa Ujerumani, alimiliki kiwanda cha nyaya za umeme, lakini mwana alichagua sayansi. Kuanzia 1924 aliongoza maabara ya fizikia katika hospitali ya saratani ya Radiumhemmet.

Enzi hizo, vipimo vilitofautiana baina ya hospitali. Sievert na wenzake walizuru hospitali za Uswidi wakisawazisha mashine za eksirei. Isitoshe, aliunda chemba ndogo iliyotiwa chaji ya umeme na kuwekwa penye mgonjwa bila waya. Mionzi ilipoipenya, chaji ilipungua, na upungufu huo ukafichua kiasi cha mionzi. Vihisi vidogo vinavyobandikwa leo kwenye ngozi ya mgonjwa vinatimiza lengo lilo hilo.

Kati ya 1956 na 1962 aliongoza Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi. Alifariki Oktoba 3, 1966.

Mnamo 1979, kizio cha kukadiria madhara ya mionzi mwilini kilipewa jina lake. Hadi leo, beji wanazovaa wahudumu wa tiba hiyo husomwa kwa kizio cha sievert.