Jagadish Chandra Bose: Kutoka kifauwongo hadi antena ndani ya chipu

Kando ya mashamba ya mikarafuu Pemba huota mmea ambao ukiuguse tu, hufumba majani na kulegea kama uliokufa. Watoto huuita kifauwongo. Mmea huo ulimshughulisha kwa miaka mingi Jagadish Chandra Bose, mwanasayansi ambaye kabla ya hapo alikuwa amechunguza mawimbi ya redio mafupi mno. Leo mawimbi ya aina hiyo ni msaada kwa wanaobuni vihisi vidogo vya kupima mwili na kutuma majibu bila waya.

Bose alizaliwa mwaka 1858 Bengal, katika eneo ambalo sasa ni Bangladesh. Baba yake alikuwa ofisa wa serikali, lakini alimwanzisha katika shule iliyofundisha kwa Kibengali, pamoja na watoto wa wavuvi na wakulima. Baadaye alisoma Kolkata, kisha Cambridge, Uingereza.

Mwaka 1885 alianza kufundisha fizikia katika chuo cha Presidency, Kolkata. Wakati huo wa ukoloni, Mhindi alilipwa chini ya Mzungu kwa kazi ile ile. Bose hakugoma kufundisha. Aligoma kupokea mshahara. Alifundisha miaka mitatu bila malipo, mpaka wakuu wakakubali kumlipa sawa, pamoja na malimbikizo yote.

Utafiti aliufanya katika chumba kidogo, baada ya vipindi, kwa vifaa alivyotengenezewa na fundi bati wa pale pale. Mwaka 1895, mbele ya watu, mawimbi yake yalipenya ukuta, yakagonga kengele na kulipua baruti.

Msikilizaji, hapa ndipo penye siri ya antena. Wimbi la FM la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na antena hufanya kazi vizuri ikiwa karibu robo ya wimbi, yaani sentimita 75. Bose alitumia mawimbi mafupi, mengine ya milimita 5 tu. Robo yake ni milimita moja na kidogo. Antena ya kiasi hicho inaweza kuchorwa juu ya chipu yenyewe, ubavuni mwa kihisi.

Bose hakupenda kufanya ugunduzi kuwa biashara. Marafiki walimsukuma hadi akapata hataza ya Marekani mwaka 1904, ya kifaa cha kunasa mawimbi kwa madini ya galena. Marconi na Braun walipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi ya redio, yeye hakuwemo.

Alikuwa amegeukia mimea. Alitengeneza chombo kilichokuza mwendo wa mmea unaokua mara 10,000, akapima kwa umeme jinsi kifauwongo kinavyoshtuka. Wataalamu wengi wa Ulaya walimpinga. Mwaka 1917 alifungua taasisi yake ya utafiti Kolkata, na mwaka 1920 akaingizwa katika Royal Society ya London. Alifariki Novemba 23, 1937.

Kazi haijaisha. Mawimbi mafupi hufifia haraka, na maji yaliyomo mwilini huyameza, hivyo kifaa cha kusoma majibu lazima kisogezwe karibu. Baadhi ya vihisi havina hata betri: huchota nguvu kutoka mawimbi ya kifaa hicho hicho.