Muhammed Said Abdulla, mwandishi aliyempeleka mpelelezi mzimuni

Msomaji wa Diani au Msambweni hahitaji kuelezwa mzimu ni nini. Kaya Kinondo iko papo hapo, na pango la Shimoni lina masimulizi yake mpaka leo. Ndiyo maana Mzimu wa Watu wa Kale si kitabu kigeni huku kwetu, ingawa mwandishi wake alikuwa mtu wa Unguja.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Alimaliza shule 1938 akaingia Idara ya Afya, akawa mkaguzi kwa takriban miaka kumi. Wahakiki wakimtaja Bwana Msa, yule mpelelezi wake mvuta kiko, hukimbilia kumtaja Sherlock Holmes. Ni kweli, lakini mimi naona na ukaguzi nao umo: kazi ya kuingia majumbani mwa watu, kuuliza, na kuangalia uvunguni.

Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Alifanya kazi pia Al-Falaq, gazeti la Jumuiya ya Waarabu, na Afrika Kwetu, la upande wa Waafrika. Kwa siasa za Unguja za miaka ile, kukalia viti vyote viwili si jambo dogo. Kuanzia 1958 hadi alipostaafu 1968 alihariri Mkulima, gazeti la kilimo. Mapinduzi ya 1964 yalimkuta hapo.

Hadithi ya mzimu ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957 na 1958, ikachapishwa kitabu 1960. Maiti inakutwa kwenye mzimu, na watu wako tayari kuamini kwamba wazee wa kale wamekasirika. Bwana Msa habishani na mizimu. Anauliza tu marehemu alikuwa na nini, na nani angefaidika. Katika Kisima cha Giningi, kilichotoka 1968, mwandishi alichukua jina ambalo visiwani hutajwa kuwa makao ya wachawi, akafanya vilevile.

Vitabu hivyo vina kasoro. Nasaba za wahusika wake hujisokota hadi msomaji akahitaji karatasi na kalamu. Lakini swali la Bwana Msa ni zito hapa Kwale, na kwa jirani zetu wa Kilifi pia, ambako wazee wamekuwa wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi. Mara nyingi ukichimba unakuta shamba. Mzee mwenye mvi na ekari zake anaitwa mchawi, mwenzake asiye na ardhi anaachwa azeeke kwa amani.

Abdulla aliandika hadi Kosa la Bwana Msa, 1984, akafariki 1991. Mpelelezi wake hakuwahi kumkamata jini hata mmoja. Kila mara alimkamata mtu, na mara nyingi alikuwa mtu wa karibu na marehemu.