Mutu aliyechora kwao: maisha ya John Constable (1776-1837)



Siku moja katika somo la kuchora, mwalimu alituomba kila mutu achore fasi anayoijua vizuri. Tukainama juu ya karatasi zetu, kimya kabisa. Kiisha alipokusanya kazi, alikuta milima yenye theluji, nyumba za mawe zinazotoa moshi juu, na maua ambayo hatujayaona hata siku moja. Vyote vilitoka katika kalenda. Hakuna hata mumoja wetu aliyechora kijito cha nyuma ya shule, ambacho tunakipita kila asubuhi.

Mwalimu hakukasirika. Aliuliza tu kama kuna mutu darasani aliyekwisha kushika theluji kwa mukono wake. Tulicheka, lakini kilikuwa kicheko cha haya. Siku ile njo tulisikia mara ya kwanza jina la John Constable, muchoraji wa Uingereza. Tangu pale nimetafuta habari zake, na leo ninawaletea ninyi. Yeye pia aliishi kati ya watu waliofikiri kwamba uzuri uko mbali tu, katika inchi za wengine.

MUTOTO WA MWENYE KUSAGA UNGA

John Constable alizaliwa tarehe 11 Juni 1776 katika kijiji cha East Bergholt, jimbo la Suffolk, upande wa mashariki wa Uingereza. Baba yake, Golding Constable, alikuwa mutu wa mali. Alikuwa na mashini za kusaga ngano pa Flatford na pa Dedham. Wakati ule hapakuwa mashini za mafuta: maji ya muto Stour njo yalizungusha gurudumu kubwa, na gurudumu likazungusha mawe ya kusaga. Alikuwa pia na kinu cha upepo pale kijijini, na mashua za kubeba mizigo zilizokokotwa na farasi kandokando ya muto.

Ndugu mukubwa wa John alikuwa na ugonjwa wa akili, kwa hiyo macho ya jamaa yote yalikuwa juu ya John. Kwanza baba alitaka awe muchungaji wa kanisa. Alipoona kijana hana moyo wa masomo yale, alimuingiza katika kazi ya unga. John alitii. Katika kinu cha upepo alichonga jina lake juu ya ubao pamoja na mwaka 1792. Alikuwa na miaka 16.

Watu wengi watasema ile ilikuwa miaka ya bure. Lakini sivyo. Mutu wa kinu cha upepo anapashwa kutazama juu siku yote. Akiona wingu zito linakuja na hafungi tanga za kinu upesi, upepo unaweza kuvunja kila kitu. John alijifunza mawingu sawa vile mukulima anavyojifunza mvua, kwa sababu mukate wa nyumba yao ulitoka pale. Masomo yale hayakumupotea.

RAFIKI WA KWANZA

Karibu na nyumba yao aliishi fundi mumoja, John Dunthorne, aliyetengeneza mabomba na kutia vioo madirishani. Fundi huyu alipenda kuchora. Nyuma ya kazi wawili hawa walibeba vyombo vyao, wakaenda shambani. Inasemekana kwamba kivuli cha muti kikisogea kidogo tu, waliacha kuchora, wakarudi kesho yake saa ile ile.

Tajiri mumoja, Sir George Beaumont, alimuonyesha John tablo ndogo ya Claude Lorrain, muchoraji wa zamani aliyeishi Italia. Beaumont aliipenda mupaka aliibeba katika safari zake. John alishangaa sana kuona mwanga ndani ya tablo ile. Mwaka 1799 baba yake alikubali kumuacha aende London, katika shule ya Akademi ya Kifalme, na ndugu yake mudogo Abram akachukua nyuma yake kazi ya mashini. Baba alimupa feza kidogo tu. Hakuwa na hakika kama kuchora kunaweza kumulisha mutu.

KUIGA AO KUTAZAMA?

Wakati ule tablo za heshima zilikuwa za wafalme, vita, na hadizi za zamani. Kuchora mashamba kulihesabiwa kazi ndogo. Na mutu akichora mashamba, ilimupasa ayafanye yafanane na Italia, yenye nguzo zilizovunjika na rangi ya kahawia sawa tablo za wazee. Inasimuliwa kwamba Beaumont alimushauri Constable atie katika kazi yake rangi ya violini ya zamani. Constable hakubishana. Alichukua violini, akailaza juu ya majani ya bustani. Kila mutu akaona: violini ni ya kahawia, majani ni mabichi.

Lakini mbele ya hapo yeye pia alikuwa ameiga. Katika mwaka 1802 alimuandikia Dunthorne kwamba kwa miaka miwili amekuwa akifuata tablo za wengine, na kwamba sasa anataka kurudi kwao, achore yale anayoyaona. Mwaka ule ule walimupa kazi ya kufundisha kuchora katika shule ya waaskari, yenye mushahara wa hakika. Aliikataa. Fikirini kidogo: kijana wa karibu miaka 26, bila bibi, bila feza, anakataa mushahara kwa ajili ya muto na mashamba ya kijiji!

NAMNA ALIVYOTUMIKA

Kwa wale wanaopenda kuchora, ninaandika hapa namna ya kazi yake.

Kwanza, alitembea na daftari ndogo sana, ya kuingia mufukoni. Katika miaka 1813 na 1814 alijaza mbili kwa penseli: gari, jembe, mashua, mashina ya miti, watu wanaovuna. Kitu kidogo hakikuwa kidogo kwake.

Pili, alipaka rangi ya mafuta pale pale nje. Alikaa chini na sanduku la rangi juu ya magoti, kipande cha karatasi ngumu kikiwa ndani ya kifuniko. Rangi za wakati ule hazikuwa katika mirija ya bati, kwani mirija ile ilibuniwa mwaka 1841 tu. Ziliuzwa ndani ya vibofu vya nguruwe vilivyofungwa kwa kamba; mutu alitoboa kibofu, akakamua.

Tatu, karatasi yake haikubaki nyeupe. Mara nyingi aliipaka kwanza rangi ya udongo mwekundu, na juu yake njo alitia majani na maji. Fasi zingine aliacha udongo ule uonekane katikati. Kwa hiyo majani yake yana joto ndani yao. Na hakutumia kijani kimoja. Alijua kwamba katika shamba moja kuna kijani cha manjano, kijani cha majivu, kijani karibu cheusi. Kiisha aliweka alama ndogo nyekundu, na kijani chote kikaamuka.

Nne, alitia nukta za rangi nyeupe, mara nyingine kwa kisu kidogo, kusudi majani yaonekane yana umande na maji yang'ae. Watu walimucheka, wakaziita theluji ya Constable. Yeye hakuacha.

Tano, mbingu. Constable alisema mwanga wote wa tablo unatoka juu, kwa hiyo mbingu haiwezi kuwa kitambaa kilichotundikwa nyuma ya miti. Katika miaka 1821 na 1822, pa Hampstead karibu na London, alichora makumi ya karatasi zenye mawingu matupu. Nyuma ya nyingi aliandika tarehe, saa, na upepo unatoka wapi. Mutoto wa kinu cha upepo alikuwa hajasahau.

UPENDO WA MIAKA SABA

Mwaka 1809 Constable alianza kumupenda Maria Bicknell. Babu ya Maria, Dokta Rhudde, alikuwa muchungaji wa kanisa la East Bergholt, muzee mukali. Hakutaka mujukuu wake aolewe na mutu anayechora miti. Alitisha kwamba Maria hatapata uriti. Wawili hawa walingoja miaka saba, wakiandikiana barua. Wakati ule Constable alichora sura za watu kwa kutafuta feza, kazi asiyoipenda.

Baba yake alikufa mwaka 1816, naye akapata sehemu yake ya mapato ya jamaa. Tarehe 2 Oktoba mwaka ule walioana London. Rafiki yake, muchungaji John Fisher, njo aliwafungisha ndoa. Walizaa watoto saba.

GARI NDANI YA MAJI

Sasa alianza kuchora mashamba ya kwao kwa tablo kubwa, zenye upana wa karibu metre mbili, kipimo kilichokuwa cha wafalme na vita. Kwa nyingi kati yao alifanya kwanza mufano wa rangi wenye ukubwa ule ule, kusudi ajaribu na kukosea pale. Hii ilikuwa kazi mara mbili, na rangi mara mbili, kwa mutu asiye tajiri.

Tablo inayojulikana kupita zote ni The Hay Wain ya mwaka 1821, maana yake gari la nyasi kavu. Urefu wake ni santimetre 130, upana 185. Gari tupu linasimama katika maji madogo ya muto Stour pa Flatford, na farasi watatu wenye mapambo mekundu shingoni. Mbwa anatazama kutoka ukingoni. Kushoto kuna nyumba ya mukulima Willy Lott. Mbali kabisa, wavunaji wamekuwa nukta tu. Na juu, mawingu yanatembea.

Constable alikuwa London wakati akiichora, naye hakukumbuka vizuri namna gari lile linavyoundwa. Aliomba kijijini, na mutoto wa Dunthorne akamuchorea gari halisi. Hakutaka kubahatisha.

Tablo ilionyeshwa katika Akademi mwaka 1821. Hakuna aliyeinunua. Lakini mwaka 1824 muuzaji mumoja wa Paris, John Arrowsmith, aliichukua pamoja na zingine mbili kwa paundi 250. Katika maonyesho makubwa ya Paris watu walisimama mbele yake wakishangaa, na mufalme Charles wa Kumi akampa Constable medali ya zahabu. Inasemekana kwamba muchoraji Eugène Delacroix, nyuma ya kuona kazi ile, alirudia kupaka sehemu za tablo yake mwenyewe. Constable hakwenda kupokea sifa. Maisha yake yote hakutoka Uingereza.

SIKU ZA GIZA

Heshima ya kwao ilichelewa. Askofu mumoja aliyeagiza tablo ya kanisa kubwa la Salisbury hakupenda wingu jeusi juu ya jengo. Constable akapashwa kuichora tena na mbingu iliyotulia. Akademi nayo ilimungojesha miaka mingi.

Maria alikuwa na kifua kikuu. Alikufa tarehe 23 Novemba 1828, akiacha watoto saba, mudogo hajafikisha mwaka. Miezi mitatu nyuma yake, katika Februari 1829, Akademi ilimuchagua Constable kuwa mumoja wa wakubwa wake, kwa tofauti ya sauti moja tu. Alikuwa na miaka 52. Yule aliyengoja naye habari hiyo hakuwa pale tena. Mwaka ule alionyesha tablo ya Hadleigh, ngome iliyobomoka juu ya kilima, bahari na upepo mbele yake. Mutu haitaji kuelezwa alichokuwa nacho moyoni.

Alivaa nguo nyeusi mupaka mwisho. Alikufa London usiku wa tarehe 31 Machi 1837, akiwa na miaka 60. Siku ile alikuwa ametumika bado juu ya tablo moja. Ilikuwa ya nini? Ya mashini ya kusaga unga, pa Arundel. Alizikwa Hampstead pamoja na Maria.

The Hay Wain iliingia katika National Gallery ya London mwaka 1886 kama zawadi. Nyumba ya Willy Lott ingali inasimama pa Flatford, na watu wanatoka inchi nyingi kuona fasi ambayo majirani wa Constable waliipita bila kuitazama.

KWETU

Nilipomaliza kusoma habari hizi, nilichukua penseli nikashuka kwa kijito. Nilifikiri nitachora upesi, kwa sababu ninakijua. Kumbe sikukijua. Maji si ya buluu kama tunavyoyapaka siku zote. Chini ya ukingo ni karibu meusi, katikati yana rangi ya chai, na pale yanapogonga jiwe ni meupe. Nilifuta mupaka karatasi ikatoboka.

Kesho nitarudi saa ile ile. Anayetaka anifuate, lakini abebe karatasi yake mwenyewe.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano