Mapera, Padri Aliyekataa Kupiga Magoti



Jumapili iliyopita nilihubiri Yohana 17, pale Bwana anapowaombea wafuasi wake wawe na umoja, nikagusia padri mmoja Mfaransa. Baada ya ibada wengine walinijia wakitaka habari yake yote. Wengine walikuja na lawama, ati mbona mchungaji anatuletea padri madhabahuni. Basi ngoja nieleze.

Jina lake ni Siméon Lourdel. Waganda walimwita Mapera, maana ndivyo masikio yao yalivyolipokea lile neno la Kifaransa la kumwita padri. Alizaliwa 1853 katika kijiji cha Dury, kaskazini mwa Ufaransa, akajiunga na Mapadri Weupe, shirika la Askofu Lavigerie wa Algiers. Mwaka wa 1878 alishuka Zanzibar, akapita Bagamoyo, akatembea bara mpaka kusini mwa Ziwa Viktoria. Februari 1879 akavuka maji pamoja na Bruda Amans na kuingia Buganda. Alikuwa kijana wa miaka 25 tu.

Sasa, lazima ujue alibeba nini moyoni. Kanisa lake siku hizo lilifundisha kwamba nje ya Roma hakuna wokovu. Mprotestanti alikuwa mzushi, kondoo aliyetoka zizini. Kumpenda ilikuwa ni kumrudisha. Kusali pamoja naye ilikuwa dhambi. Kwa hiyo alipotaka kuwabadilisha Waprotestanti hakuwa na chuki. Aliamini anawatoa motoni. Hebu tuwe wakweli, na sisi tukienda kuwashuhudia majirani zetu Wakatoliki hapa Langas au Huruma, si tunaamini hivyo hivyo?

Kule Buganda alimkuta Alexander Mackay, Mskoti, fundi wa mitambo aliyetumwa na CMS, amemtangulia kwa miezi michache. Mackay naye hakuwa na neno zuri kwa Roma. Jumapili moja mwaka huo, Mackay akaongoza ibada barazani kwa Kabaka Mutesa. Watu wakapiga magoti. Lourdel akakataa. Kabaka akataka kujua sababu, na yule padri, hasira zimempanda, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiarabu, Kiganda na Kifaransa, akajibu kwamba dini ya Mackay ni ya uongo na kwamba ukweli wanao wao. Mutesa akachanganyikiwa. Akauliza, ikiwa kila taifa la wazungu lina dini yake, yeye atajuaje ipi ni ya kweli.

Mimi nikifika hapo huwa nafunga kitabu kidogo.

Baadaye akaja Kabaka Mwanga, na mateso. Tarehe 3 Juni 1886, pale Namugongo, wanafunzi wa Mapera na wanafunzi wa Mackay walichomwa pamoja. Kwa miaka ile yote ya mateso wanahesabiwa Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Moto haukuuliza nani alibatizwa na nani. Wale mahujaji mnaowaona kila Mei wakipita Uganda Road kwa miguu, wanaelekea huko.

Lakini kisa kinachonikaa zaidi ni cha Oktoba 1888. Mwanga alikuwa amepinduliwa. Wamisionari wa pande zote mbili wakakamatwa, wakafungiwa pamoja, wakanyang'anywa mali, kisha wakafukuzwa nchini kwa mashua moja, Eleanor, mali ya misheni ya Waanglikana. Njiani kiboko akaigonga ikazama. Watoto kadhaa waliokuwa nao walikufa maji. Kumbe Mapera, aliyekataa kupiga magoti na Waprotestanti, ilibidi apande mashua yao ili aishi.

Alirudi Buganda, akafa Mei 1890 akiwa na miaka 36. Mackay alikuwa amefariki Februari ya mwaka huo huo. Januari 1892, waumini waliowaacha walipigana kwa bunduki pale Mengo, Mkatoliki na Mprotestanti, wote wakilitaja jina la Yesu. Ilichukua mpaka 1964, kwenye Mtaguso wa Vatikani, Roma itoe hati ya kutuita ndugu waliotengana. Mwaka huo huo Papa Paulo VI aliwatangaza wale 22 kuwa watakatifu, na hakuacha kuwakumbuka Waanglikana waliokufa nao.

Kwa nini nimeyabeba haya mpaka madhabahuni? Shangazi yangu ni Mkatoliki. Tangu nilipookoka ananiombea rozari nirudi. Mimi nami nafunga nikimwombea aokoke, na bado naamini anahitaji kuokoka, sitawaficha. Lakini hatujawahi kuomba pamoja, hata kwenye matanga ya baba yangu, ndugu yake wa tumbo moja. Siku ile alianza sala, mimi nikatoka nje nikajifanya napokea simu.

Sasa ni mgonjwa, na ameagiza niende. Alhamisi nashuka Kapsabet. Najua ataitoa ile rozari chini ya mto, na sijajua bado nitakaa wapi.