William Osler

William Osler (Bond Head, Kanada, 12 Julai 1849 – Oxford, Uingereza, 29 Desemba 1919) alikuwa daktari na mwalimu wa tiba kutoka Kanada. Anakumbukwa hasa kwa kuwatoa wanafunzi wa udaktari darasani na kuwapeleka wodini kujifunza kando ya kitanda cha mgonjwa. Jina lake limebaki pia katika ugonjwa wa Osler-Weber-Rendu, ugonjwa wa kurithi wa mishipa ya damu ambao kwa kawaida huanza kwa kutoka damu puani, na kwa baadhi ya wagonjwa huleta hatari ya damu kuvuja ndani ya ubongo.

Maisha ya awali

Baba yake, Featherstone Osler, alikuwa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza kabla ya kuwa kasisi wa Anglikana na kutumwa kuwahudumia walowezi wa Kanada. Mama yake aliitwa Ellen Pickton. William alikuwa wa mwisho kati ya watoto wao wa kiume, na alitarajiwa kufuata kazi ya baba. Mwaka 1867 alijiunga na Chuo cha Trinity mjini Toronto kwa nia hiyo, lakini alivutiwa na James Bovell, daktari aliyependa sana kazi ya hadubini. Mwaka uliofuata aliacha masomo ya dini akaanza udaktari, na akahitimu katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, mwaka 1872.

Alikwenda kuongeza elimu London, Berlin na Vienna. Akiwa London alichunguza chembe sahani, zile chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda, akawa miongoni mwa watu wa kwanza kuonesha kwamba zinazunguka katika damu ya kiumbe hai.

Montreal na Philadelphia

Mwaka 1874, akiwa na umri wa miaka 25, alirudi McGill kufundisha. Katika miaka kumi iliyofuata alipasua maiti karibu 800 ili kujua chanzo cha kifo. Wakati huo eksirei ilikuwa haijagunduliwa, hivyo daktari aliyetaka kujua kama alimwelewa mgonjwa wake vizuri hakuwa na njia nyingine ya uhakika.

Mwaka 1884 alihamia Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Philadelphia. Mwaka uliofuata alialikwa London kutoa mihadhara kuhusu maambukizi ya vali za moyo. Alieleza jinsi vipande vyenye vijidudu vinavyobanduka kwenye vali, vikasafiri na damu, vikanasa katika ukuta wa ateri na kuudhoofisha hadi ukavimba kama puto. Uvimbe wa namna hiyo katika ateri huitwa aneurisma. Ile inayotokana na maambukizi Osler aliipa jina linalohusiana na uyoga, kwa sababu ya umbo lake. Jina hilo linatumika hadi leo, na limewapotosha wanafunzi wengi wakadhani kwamba husababishwa na fangasi tu, ilhali mara nyingi chanzo ni bakteria.

Baltimore

Hospitali ya Johns Hopkins ilipofunguliwa mwaka 1889, Osler alikuwa mkuu wa madaktari wake. Pamoja na William Welch, William Halsted na Howard Kelly aliweka misingi ya chuo cha tiba kilichoanza mwaka 1893. Wanafunzi walipewa wagonjwa wa kufuatilia: kuandika historia yao, kuwapima na kurudi kwao kila siku. Utaratibu huo sasa ni wa kawaida duniani kote. Wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walioko Mbeya hujifunza vivyo hivyo katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda.

Mwaka 1892 alitoa kitabu kikubwa cha tiba kilichotumika kwa miongo mingi. Kilikiri waziwazi kwamba magonjwa mengi hayakuwa na dawa. Mwaka huohuo alimwoa Grace Revere.

Ugonjwa wa familia

Mwaka 1901 Osler alichapisha makala kuhusu watu waliotoka damu puani mara kwa mara tangu utotoni, huku ndugu zao wakiwa na tatizo hilohilo. Walikuwa pia na vidoa vyekundu kwenye ngozi, midomo na ulimi. Hakuwa wa kwanza kabisa. Mwingereza Benjamin Babington aliandika kuhusu familia ya namna hiyo mwaka 1865, na Mfaransa Henri Rendu mwaka 1896 alionesha kwamba ugonjwa huu si hemofilia. Katika hemofilia damu ndiyo inayoshindwa kuganda. Hapa damu ni nzima, ila mishipa ndiyo mibovu. Osler alisisitiza kwamba ni hali ya kurithi. Frederick Parkes Weber aliongeza maelezo mwaka 1907.

Kwa kawaida damu hutoka kwenye ateri, hupita katika kapilari nyembamba ambako kasi yake hupungua, kisha huingia kwenye vena. Kwa wagonjwa hawa kapilari hukosekana mahali pengine, na ateri humwaga damu moja kwa moja ndani ya vena. Mshipa mdogo wa aina hiyo huonekana kama kidoa chekundu. Ukiwa mkubwa, unaweza kuwa ndani ya mapafu, ini au ubongo. Takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi ana mafundo ya mishipa ya namna hii ubongoni, na kwa kuwa damu hupita hapo kwa wingi, aneurisma huweza kutokea kwenye ateri inayolisha fundo. Ikipasuka, mtu hupata ghafla maumivu makali mno ya kichwa, hutapika, hupooza au huzimia. Kasoro ya mapafuni nayo huweza kupitisha bonge la damu au vijidudu hadi ubongoni, vikaleta kiharusi au jipu.

Osler hakuweza kuyaona hayo kwa mgonjwa aliye hai. Picha ya mishipa ya ubongo ilipigwa kwa mara ya kwanza na Egas Moniz mjini Lisbon mwaka 1927. Mwaka 1937 Walter Dandy, katika hospitali ileile ya Johns Hopkins, aliibana shingo ya aneurisma ya ubongo kwa kibanio cha fedha. Jeni ya kwanza ya ugonjwa huu ilitambuliwa mwaka 1994. Kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kurithi.

Unakadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya 5,000 duniani, na wengi hawajui kwamba wanao. Katika Nyanda za Juu Kusini ni rahisi kuupuuza. Kuanzia Juni hadi Agosti Mbeya na Iringa huwa na baridi na ukavu, na watoto wengi wenye afya hutoka damu puani. Kinachotofautisha ni swali lile la Osler: nani mwingine katika ukoo ana hali hiyo? Baba, shangazi, bibi? Kwenye ngozi nyeusi vidoa huweza kujificha, kwa hiyo midomo, ulimi na ncha za vidole ndiko kwa kutazama. Majibu yakiwa ndiyo, familia inastahili kwenda hospitali kabla ya kichwa kuuma.

Oxford na kifo

Mwaka 1905 Osler alikwenda Oxford kuwa profesa wa tiba. Katika hotuba ya kuaga Baltimore alitania kwamba wanaume waliopita miaka 60 hawana faida, na magazeti yakamshambulia. Yeye mwenyewe aliendelea na kazi hadi miaka 70. Kauli nyingine hazikuwa utani: mwaka 1914 alitetea Kanada ibaki nchi ya watu weupe na kuwakataa wahamiaji kutoka Asia. Mwaka 1911 alipewa cheo cha baroneti.

Mwanawe Edward, mtoto pekee aliyebaki baada ya mwingine kufa mchanga, alijeruhiwa na kombora karibu na Ypres, Ubelgiji, Agosti 1917. Miongoni mwa madaktari waliokuwa naye alikuwa Harvey Cushing, mpasuaji wa ubongo na rafiki wa familia, lakini kijana alifariki. Osler alifariki miaka miwili baadaye kwa nimonia na matatizo yake. Cushing aliandika maisha yake katika juzuu mbili, zilizopata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1926.

Vitabu vyake, takriban 8,000, alivirithisha Chuo Kikuu cha McGill, na majivu yake yamehifadhiwa katikati ya vitabu hivyo.