Apolo Kivebulaya Aliyerudi Mboga

Sisi tulio katika majeshi na polisi hujiona kuwa twaifahamu vema maana ya utii. Amri hutolewa, nasi tukaitekeleza. Aliyeitoa twamjua kwa cheo chake, na siku ya ukaguzi tutamwona akipita mbele yetu. Leo twapenda kuwakumbusha wenzetu maisha ya mtu aliyetii amri ambayo hakuna aliyeisikia ila yeye mwenyewe.

Mtu huyo ni Apolo Kivebulaya. Alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864, akaitwa Waswa kwa kuwa alikuwa pacha. Ujanani alikuwa mpiganaji. Vita vya dini vilipozuka Buganda mwaka 1888, alipigana kwanza upande wa Waislamu, kisha akahamia kwa Wakristo. Alibatizwa mwaka 1895 kwa jina la Apolo. Jina la Kivebulaya alipewa na watu, maana yake kitu kitokacho Ulaya, kwa ajili ya koti jekundu la kiaskari alilozoea kulivaa pamoja na kanzu yake. Yaelekea aliiacha bunduki lakini sare haikumtoka moyoni, na katika hilo sisi hatuwezi kumcheka.

Kanisa lilimtuma Toro awe mwalimu wa dini, na mwaka 1896 akavuka mto Semliki kwenda Mboga, nchi ambayo leo imo Kongo. Walimu wawili waliomtangulia walikuwa wamekwisha kushindwa huko, kwa kuwa chifu Tabaro aliwanyima chakula. Apolo aliyajua hayo kabla ya kuondoka. Alichukua jembe.

Mafundisho yake yalimuudhi chifu, naye akapigwa na kuteswa. Kisha mwaka 1898 likatokea jambo zito zaidi. Dada yake chifu aliangukia mkuki uliokuwa umefichika katika nyasi, akafa. Apolo akashtakiwa kuwa ndiye aliyesababisha kifo hicho. Alipelekwa Toro, katika ngome ya serikali palipo mji wa Fort Portal hivi leo, akatiwa gerezani. Waliomlinda humo walikuwa watu wa kazi kama yetu, nao bila shaka walimwona kuwa mahabusu kama mahabusu wengine. Katika siku hizo za dhiki, kama alivyosimulia baadaye, Kristo alimtokea aking'aa kama jua, akamtia moyo na kumwagiza aendelee kuhubiri.

Hatimaye aliachiliwa, kwani hatia haikuonekana. Hapa ndipo tunapoomba msomaji atue kidogo. Mtu aliyetoka gerezani bila kosa ana haki ya kurudi kwao, na hakuna mkubwa wake ambaye angemlaumu. Angeweza pia kuomba kituo kingine, kama wengi wetu tulivyowahi kufanya kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Apolo alirudi Mboga, kwa chifu yuleyule. Hakurudi kudai fidia wala kulipiza kisasi. Baada ya muda Tabaro mwenyewe alibatizwa, akaitwa Paulo.

Mwaka 1903 Apolo alipewa daraja la ukasisi. Alitumika miaka mingi Toro kabla ya kurudi tena Mboga, na tangu mwaka 1921 akawa akiingia katika msitu wa Ituri kuwafundisha Wambuti, watu ambao majirani zao waliwadharau. Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, heshima ambayo ingeweza kumpatia uzee wa starehe Buganda. Mkewe alikuwa amefariki zamani, naye hakuoa tena. Alibaki msituni.

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ya Kiganda ilitaka kichwa cha maiti kielekezwe upande wa nyumbani. Yeye aliagiza chake kielekezwe magharibi, kwenye msitu ambao hakuwahi kuumaliza, nao wakamzika hivyo.