Imamu Ibn Jarir na Mawe ya Baghdad

Hakuna mwanachuoni wa Tafsiri asiyechota katika kitabu cha Imamu Abu Jaafar Muhammad bin Jarir At-Tabari, Mwenyezi Mungu amrehemu. Lakini ni wachache miongoni mwetu wajuao kwamba mtu huyu, alipofariki Baghdad mwaka 310 wa Hijra (923), alizikwa ndani ya nyumba yake. Na wako wanahistoria wasemao kuwa alizikwa usiku, kwa sababu makundi ya watu yalizuia asizikwe mchana. Tumeona inatupasa kuwaeleza ndugu zetu khabari hii.

Alizaliwa Amul, katika nchi ya Tabaristan iliyo karibu na Bahari ya Kaspi, mwisho wa mwaka 224 au mwanzo wa 225 (839). Alihifadhi Kurani naye ni mtoto wa miaka 7, na alipofika miaka 9 alikuwa akiandika Hadithi. Akenda Rayy, kisha Baghdad, akikusudia kumsikiliza Imamu Ahmad bin Hanbal. Akakuta Imamu amekwisha fariki, mwaka 241 (855). Jambo hili msomaji aliweke moyoni. Akapita Basra, Kufa, Shamu na Misri, kisha akarejea Baghdad akakaa huko mpaka mwisho wa umri wake. Alipewa ukadhi akaukataa. Katika Fiqhi alianza na madhehebu ya Imamu Shafi, kama sisi watu wa pwani, hata akafikia daraja ya kuwa na madhehebu yake mwenyewe.

Basi kosa lake lilikuwa nini? Aliandika kitabu juu ya khitilafu za mafakihi, asimtaje ndani yake Imamu Ahmad. Alipoulizwa, akajibu kuwa Ahmad alikuwa mtu wa Hadithi, si fakihi. Sisi hatuoni kuwa alipatia katika hilo. Lakini aliyetaka kumrudi angaliweza kumrudi kwa kalamu.

La pili lilikuwa juu ya Makamu Mahmuda. Walimtuhumu kuwa aipinga kauli iliyopokewa kwa Mujahid, kwamba Mtume (S.A.W.) atakalishwa juu ya Arshi. Atakayeifungua Tafsiri yake katika aya ya 79 ya Sura ya Al-Israa ataona kuwa alichagua maana ya shufaa, kwa kuwa ndiyo iliyothibiti katika Hadithi, wala hakuifungia mlango kauli ile nyingine. Katika wale waliokasirika, ni wangapi walioifungua?

Imesimuliwa kuwa walimtupia vidau vya wino, na alipoingia nyumbani wakaipiga nyumba mawe hata yakawa rundo mlangoni, mpaka mkuu wa askari wa mji akaja na jeshi kuwazuia. Mwaka 309 Waziri Ali bin Isa akawaita Mahanbali waje wajadiliane naye. Ibn Jarir akenda, wao hawakwenda.

Linalotuuma zaidi ni jina walilolibeba. Imamu Ahmad mwenyewe alifungwa na kupigwa mijeledi zama za Khalifa Muutasim, kwa kukataa kusema kuwa Kurani imeumbwa. Na imepokewa kuwa alimsamehe Muutasim. Waliojiita wafuasi wake ndio walioshika mawe.

Walikuwa wakiwazuia hata wanafunzi. Mmoja wao aliporudi Nishapur aliulizwa na Imamu Ibn Khuzaima, naye ni mtu wa Hadithi mkali asiyelegea, kama aliandika cho chote kwa Ibn Jarir. Akasema hapana, kwani Mahanbali hawakuwaacha watu waingie kwake. Ibn Khuzaima akamwambia kuwa lau angalimsikiliza Ibn Jarir peke yake, akawaacha wengine wote aliowaandikia, ingalikuwa kheri kwake.

Al-Khatib wa Baghdad amepokea kuwa watu wasiohesabika walikusanyika kwa maziko yake, na kwamba kaburi lake lilisaliwa miezi kadhaa, usiku na mchana. Na imesimuliwa pia kuwa, ikiwa imebaki chini ya saa moja afe, alitajiwa dua moja ambayo hakuwa nayo. Akaomba kidau na karatasi. Waliokuwapo wakastaajabu, katika hali ile, naye akaiandika.